UZI: Druidi wa Ireland aliponyang'anywa kiti, nani alikikalia?

Mlinzi wa Zamu

Wakuu, habari za usiku. Niko lindo hadi saa kumi na mbili asubuhi, chai ipo kwenye chupa, geti limefungwa. Juzi kwenye uzi wa Warumi kuna mdau alisema madruidi, wale makuhani wasomi wa Waselti wa kale, waliisha siku Mtakatifu Patrick, mhubiri wa karne ya 5, alipofika Ireland akawashinda kwa miujiza. Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili, nikaona haitoshi.

Msimamo wangu nauweka mapema ili asiyeutaka apite zake: madruidi walikufa vifo viwili. Galia (Ufaransa ya leo) na Uingereza waliuawa na dola. Ireland hakuna aliyewaua, walishushwa bei. Na nikisema bei sipigi mafumbo. Ni bei ya kweli, imeandikwa kwenye sheria na inahesabika kwa ng'ombe.

Tuanze Galia. Julius Caesar, aliyepigana huko kuanzia mwaka 58 KK, anasema watu wenye kuhesabika walikuwa wa aina mbili tu: madruidi na wapanda farasi. Waliobaki walikuwa kama watumwa. Ukisoma anavyomweleza druidi, lile zee la porini lenye ndevu na mundu wa dhahabu hulioni (huo mundu ni wa Plinio, mwandishi Mroma, zaidi ya miaka 100 baadaye). Unakutana na jaji. Kesi za mauaji, mirathi na mipaka zilipelekwa kwake. Ukigomea hukumu yake hupigwi wala hufungwi: unazuiwa kwenye sadaka. Baada ya hapo watu wanakukwepa njiani, na ukidhulumiwa hakuna wa kukusikiliza. Druidi halipi kodi, haendi vitani. Kijana aliweza kusoma hata miaka 20, yote kwa kichwa, kwa sababu mafundisho hayakuruhusiwa kuandikwa, ingawa herufi za Kigiriki walizijua na kuzitumia kwenye hesabu zao nyingine. Mara moja kwa mwaka walikutana kwenye ardhi ya kabila la Wakarnute, na watu walikuja na kesi kutoka kila upande.

Mtu wa namna hiyo, kwa Mroma, ni serikali ndani ya serikali. Augustus aliwakataza raia wa Roma kuifuata dini hiyo, Tiberius akawabana, Claudius akaifuta kabisa. Mwaka 60 au 61 BK gavana Suetonius Paulinus alivusha askari hadi kisiwa cha Mona, leo Anglesey huko Wales. Mwanahistoria Mroma Tacitus anasema ufukweni walikuta madruidi wameinua mikono juu wakilaani, na wanawake waliovaa nguo nyeusi wakikimbia na mienge katikati ya wapiganaji. Askari waliganda, miguu ikakataa. Kisha wakatiana moyo, wakafyeka watu, na baada ya watu wakafyeka misitu mitakatifu.

Ireland jeshi la Roma halikufika. Huko ndiko kwenye utamu. Ngoja nikafungue geti, kuna gari linapiga honi.

Karanga za Moto

Nimeshaweka kiti hapa. Twende kazi mkuu.

Nahodha Msaidizi

Mkuu, kabla hujaendelea. Caesar alikuwa adui wa hao watu. Habari za jirani anayekudai shamba unazichukua nzimanzima?

Mlinzi wa Zamu

Nimerudi. Nahodha, swali lako lina haki. Nzimanzima sizichukui. Alitaka Roma imwone anapambana na watu wenye mpangilio, na alitaka pia waonekane wakatili.

Ila kuna kitu kimoja kinanifanya nimwamini kwenye suala la nguvu zao. Alikuwa na mshirika mkubwa wa kabila la Aedui aliyeitwa Diviciacus. Caesar anamtaja tena na tena: kaja kikaoni, kaombea watu wake, kaongoza jeshi la Aedui. Hasemi hata mara moja kwamba huyo bwana ni druidi. Anayetuambia ni Cicero, mwanasiasa na mwandishi wa Roma, aliyeongea naye ana kwa ana na kumsikia akijisifu kuijua elimu ya maumbile na ubashiri. Yaani druidi alikuwa mwanasiasa mzima mzima kiasi kwamba jenerali aliyefanya naye kazi hakuona haja ya kutaja udruidi wake. Kama ni propaganda, hapo iliteleza yenyewe.

Sasa Ireland ya karne ya 5. Ondoa miji, ondoa sarafu. Vinabaki ng'ombe na tuath. Tuath ni watu wa eneo moja wenye mfalme wao, na wanahistoria wanakisia zilikuwa kati ya 100 na 150 kisiwa kizima. Kwa kisiwa kimoja, hao ni wafalme wengi.

Kila mtu huru alikuwa na kitu kinaitwa lóg n-enech. Neno kwa neno ni "bei ya uso". Mswahili huhitaji maelezo marefu, sisi wenyewe tunasema uso umeumbwa na haya. Ukimtusi mtu, ukimuua aliye chini ya ulinzi wake, unamlipa bei ya uso wake. Na dhamana yake kwenye shauri haivuki bei hiyohiyo: mwenye uso wa ng'ombe watatu hadhamini deni la ng'ombe kumi. Mfalme wa tuath moja uso wake ulikuwa cumal 7. Cumal moja, kwenye hesabu nyingi za sheria zao, ni ng'ombe 3 wa maziwa. Asili ya neno hilo ni "mtumwa wa kike". Litunzeni hilo, nitalirudia.

Ukitoka nje ya tuath yako, uso unaubakiza nyumbani. Aliyetoka ng'ambo waliita cú glas, mbwa wa kijivu. Akioa hapo, anapewa nusu ya uso wa mkewe. Waliovuka mipaka na uso wao ni wachache: watu wenye hadhi ya nemed, yaani walioheshimiwa kwa utakatifu au elimu au ufalme. Zamani druidi alikuwa humo.

Ndipo anaingia Patrick. Huyu tunaye kwa maandishi yake mwenyewe, mawili: maungamo, na barua kwa askari wa mtawala aliyeitwa Coroticus. Alikuwa Mwingereza wa ukoo wa kanisa, baba shemasi, babu padri. Akiwa na miaka 16 hivi alitekwa na wezi wa watu, akafanywa mtumwa Ireland miaka 6 akichunga mifugo. Akatoroka, akarudi baadaye akiwa askofu. Na hakuwa wa kwanza: mwaka 431 Papa Celestine alishamtuma Palladius kuwa askofu wa "Waayalandi wanaomwamini Kristo". Kwa hiyo waumini walikuwapo kabla yake.

Msome anachosema kuhusu safari zake. Aliwapa wafalme zawadi. Juu ya zawadi, aliwalipa mshahara watoto wa wafalme waliotembea naye. Waliokuwa wakiamua mashauri katika maeneo aliyokuwa akipita, anakadiria aliwagawia si chini ya thamani ya watu 15. Na bado kuna mahali walimkamata na wenzake, wakawanyang'anya kila kitu, wakamtia minyororo ya chuma siku 14.

Huyo ndiye anayesemekana aliangusha udruidi kwa fimbo. Alikuwa mbwa wa kijivu aliyenunua ruhusa ya kupita, tuath moja baada ya nyingine, na waliomsindikiza ni vijana wenye uso wa kutosha kwa wote wawili.

Mama Kwaya

Kaka yangu, naheshimu kusoma kwako, ila hapo unamfanya mtakatifu kama mtu wa kutoa chochote barabarani. Imani haikuenea kwa kulipa walinzi.

Mlinzi wa Zamu

Dada yangu, sijasema ilienea kwa kulipa. Yeye mwenyewe anasema ni kazi ya Mungu, na mimi sina mizani ya kupimia hilo. Nachosema ni risiti alizotuachia. Anazitaja kwa sababu kuna wenzake waliomtuhumu kula fedha, akajitetea kwamba alitoa kuliko alivyopata. Wanawake waliomwekea mapambo yao altareni aliwarudishia, hadi wakamkasirikia.

Na hapo hapo anatuonyesha nani aliingia mapema. Watoto wa wafalme. Binti mmoja wa kabaila, mzuri sana anasema, aliyebatizwa kisha siku chache baadaye akarudi kumwambia anataka kuwa bikira wa Kristo. Mabinti wa aina hiyo waliteswa na wazazi wao, na unaona kwa nini: binti asiyeolewa ni undugu usiofungwa na mahari isiyoingia. Halafu anaongeza kwamba walioteseka zaidi ya wote ni watumwa wa kike, waliotishwa kila siku na bado wakashikilia.

Kijana wa Bonde

Nimefurahi kuona huu uzi. Huku kwetu jina la Patrick tumelikuta kwenye geti la shule. St. Patrick's ya Iten iliyotoa wanariadha wote wale ilianzishwa na mabruda kutoka Ireland, Patrician Brothers. Tulifundishwa tu kwamba alifukuza nyoka.

Mlinzi wa Zamu

Hahaha, nyoka Ireland hawakuwepo tangu enzi za barafu, alifukuza ambao hawakuja. Kwenye maandishi yake hamna nyoka. Na kaa na hili: druidi naye hayumo. Anataja wanaoabudu jua, anataja sanamu, ila pambano la Patrick na madruidi linatokea kwa mwandishi aitwaye Muirchú, mwishoni mwa karne ya 7. Karibu miaka 200 baadaye.

Kisa chenyewe ni kitamu. Usiku wa Pasaka, Patrick anawasha moto kilimani Slane usiku ambao ni mwiko kuwasha moto kabla ya moto wa mfalme Lóegaire huko Tara. Mfalme anakuja na magari ya farasi. Druidi Lochru anatukana imani, ananyanyuliwa hewani, anaangushwa, kichwa kinapasukia jiweni. Kesho yake Patrick anaingia ukumbini Tara. Wote wanabaki wamekaa. Mmoja tu anasimama kumpa heshima: Dubthach, malenga.

Hapo ndipo napenda tusimame na sisi. Kwa nini malenga? Mwandishi alikuwa na ukumbi mzima wa kuchagua.

Kwa sababu wakati Muirchú anaandika, malenga ndiye mbia wa kanisa. Wao waliwaita fili. Walikuwa na ngazi 7, ya juu kabisa ollam, ambaye uso wake ulilingana na wa mfalme wa tuath. Kusifu ilikuwa kazi yao na kuumbua pia. Shairi lao la kumkashifu mtu liliaminika kumtoa malengelenge usoni (malenga na malengelenge, Kiswahili kimejichekea hapo), na mfalme aliyekashifiwa akanyamaza bila kudai haki yake alipoteza bei yake yote ya uso. Elimu ya kukariri, hukumu, sadaka, kutenga watu: vitu hivyo Caesar aliviona vyote kwa druidi mmoja. Ireland ya karne ya 7 unavikuta vimegawanywa. Elimu ya kukariri, pamoja na nasaba na laana, kwa malenga, hukumu kwa brithem, yaani kadhi wao, sadaka na kutenga watu kwa askofu.

Kuna dibaji ya mkusanyiko wao mkubwa wa sheria, Senchas Már, inayosema Patrick na huyohuyo Dubthach walikaa wakapitia sheria zote za kale. Zisizogombana na imani zikabaki, zinazogombana zikaondolewa. Kihistoria kikao hicho hakikuwepo. Ila ni hati ya ubia kama ulishawahi kuona moja: kanisa linapata heshima ya ukale, malenga na kadhi wanapata baraka, na aliyeachwa nje ya mlango hatajwi.

Nahodha Msaidizi

Sawa, lakini uliahidi bei ya druidi. Hadi sasa umetupa ya mfalme.

Mlinzi wa Zamu

Nilikuwa naichelewesha makusudi.

Kulikuwa na desturi inaitwa othrus. Ukimjeruhi mtu, unawajibika kumchukua, kumweka nyumba tulivu na kumlisha hadi apone, yeye na wanaofuatana naye, kulingana na cheo chake. Sheria inayoihusu, Bretha Crólige, inaingia hadi chumbani kwa mgonjwa. Wapumbavu na maadui wasiingie. Michezo isichezwe. Habari zisitangazwe. Watoto wasichapwe. Mbwa wasigombanishwe, nguruwe wasikorome karibu, watu wasipige kelele wala kupigana. Mimi niliyelazwa wodini na redio ya jirani masikioni usiku kucha, nilisoma hapo nikatamani.

Katikati ya mambo hayo kuna kifungu kuhusu watu watatu ambao, hata wawe na ukuu gani, hata wawe na mali na haki gani nyingine, watauguzwa kwa kiwango cha bóaire tu. Bóaire ni mkulima huru mwenye ng'ombe wake, mtu wa heshima ya kawaida kijijini. Watatu hao ni mkashifu, jambazi wa porini, na druidi.

Kwa hiyo kwenye karne ya 7 au 8 druidi bado yupo hai Ireland. Bado anaweza kujeruhiwa, bado ana haki ya kuuguzwa, na sheria inakiri kwamba huenda ana cheo. Ila chakula chake ni cha mkulima, na jina lake limepangwa mstari mmoja na jambazi. Amri ya kumkamata haipo. Hakuna Mona ya Ireland.

Na yule aliyechukua nafasi? Fungua Críth Gablach, sheria ya vyeo ya mwaka 700 hivi. Inauliza: nani mtukufu zaidi, mfalme au askofu? Inajibu: askofu, kwa kuwa mfalme humwinukia kwa sababu ya imani. Kisha inaongeza kwamba askofu naye humwinulia mfalme goti lake. Msomi aliyeandika hivyo lazima alishaona maskofu na wafalme wakitegeana ukumbini nani aanze.

Binti wa Pwani

Mfalme alipata nini kwenye mpango huu? Maana simwoni mtu mwenye mkuki anakubali tu kumwinukia mtu mwenye kitabu.

Mlinzi wa Zamu

Binti wa Pwani umegusa penyewe. Mfalme wa kale alikuwa kama ameoa nchi. Akiwa mkweli, maziwa yanajaa, samaki wanaingia mtoni, hali ya hewa inatulia. Akiwa mwongo, njaa. Hiyo ni heshima kubwa na ni hatari kubwa, kwa sababu mavuno yakiharibika anatazamwa yeye.

Mwaka 2003, kwenye ardhi ya mboji ya County Offaly, ilipatikana maiti iliyohifadhika, inaitwa Old Croghan Man. Aliuawa kati ya miaka 362 na 175 KK. Kichwa na sehemu ya chini ya mwili havipo. Mikono laini ya mtu asiyeshika jembe, kucha safi, mkononi bangili ya ngozi iliyosukwa. Na chuchu zake zina majeraha ya kukatwa. Eamonn Kelly wa Makumbusho ya Taifa ya Ireland alipendekeza kwamba huyo alikuwa mfalme au mtu wa kufaa ufalme aliyetolewa sadaka, na chuchu zilikatwa kumvua ufalme, kwa kuwa kunyonya chuchu za mkubwa ilikuwa ishara ya kujiweka chini yake. Si wote wanaokubaliana naye. Ila Patrick, katika kueleza alivyotoroka kwa meli, anasema alikataa kunyonya matiti ya mabaharia "kwa kumcha Mungu". Wengi wanaona hapo dalili kwamba desturi ya aina hiyo ilikuwepo.

Kanisa lilimpa mfalme njia nyingine ya kuwa mtakatifu, yenye hatari ndogo kidogo. Diarmait mac Cerbaill, karibu mwaka 560, ndiye anayekumbukwa kuwa wa mwisho kufanya karamu ya kale ya Tara, ile ya kusimika mfalme. Mwaka 574 tunasikia Áedán mac Gabráin wa Dál Riata (ufalme wa kaskazini mwa Ireland na magharibi mwa Uskoti) anawekewa mikono awe mfalme na mtawa Columba kwenye kisiwa cha Iona, Uskoti, penye monasteri yake. Adomnán, abati wa Iona karne moja baadaye, ndiye anayesimulia: anasema Columba alimpenda zaidi ndugu wa Áedán, akagoma. Malaika akaja na kitabu cha kioo, akamchapa kiboko ubavuni, kovu likabaki maisha yake yote. Akaja usiku wa pili na wa tatu, ndipo akakubali. Ukiondoa malaika, ujumbe kwa wafalme wa siku za Adomnán uko wazi: orodha ya wafalme iko mbinguni, na sisi Iona ndio tumeiona.

Columba mwenyewe hakuwa mtu wa mtaani. Ni damu ya Cenél Conaill, wa Uí Néill, angeweza kutajwa kwenye ufalme. Maabati wengi waliomfuata Iona walikuwa wa ukoo wake. Kildare, kwenye monasteri ya Mtakatifu Brigit, nako ndugu wa wafalme wa Leinster walishika kiti. (Brigit nitamfungulia uzi wake, maana ni jina la mungu wa kike wa malenga pia na sikukuu yake ya 1 Februari ni ya Imbolc, sherehe ya kale ya kuanza majira ya kuchipua. Tangu 2023 Ireland ina mapumziko ya kitaifa kwa ajili yake.) Mwaka 764 jumuiya mbili za watawa, Clonmacnoise na Durrow, zilipigana vita kamili, wakafa watu 200 wa upande wa Durrow.

Karanga za Moto

Watawa?? Karanga zimeniisha.

Mama Kwaya

Basi tuambie na jema, kaka. Si wote walikuwa wa kugombea viti.

Mlinzi wa Zamu

Lipo, dada. Mwaka 697 huko Birr, Adomnán aliwakutanisha maskofu, maabati na wafalme, majina 91 ya wadhamini, wakapitisha sheria ya kutoua wanawake, watoto na watu wa kanisa vitani. Kwa karne ya 7 hiyo si kitu kidogo. Faini zilikwenda kwa jumuiya ya Adomnán, ndiyo, nalisema kwa sababu najua Nahodha angeuliza. Na ndani ya sheria hiyohiyo kuna ratiba ya zaburi za kumlaani atakayeivunja, zaburi moja kwa siku kwa siku 20. Wale wa Mona walioinua mikono ufukweni wangetambua kazi yao.

Binti wa Pwani

Ulisema tutunze neno cumal. Hao watumwa wa kike walioteseka kwa imani, imani ilipopata kiti iliwakumbuka?

Mlinzi wa Zamu

Saa kumi na moja kasoro, nitajibu hili kisha nikazime taa za uani.

Kuna kisa kimoja. Columba alikwenda kwa mfalme Bridei wa Wapikti, watu wa kaskazini mwa Uskoti, karibu na mto Ness. Mlezi wa mfalme alikuwa Broichan, ambaye Adomnán anamwita magus, neno ambalo Kilatini chao kililitumia kwa druidi. Broichan alikuwa na mtumwa wa kike kutoka Ireland. Columba akamwomba amwachie. Akakataa. Columba akamwambia mbele ya mfalme: usipomwachia kabla sijaondoka, utakufa. Akatoka hadi mtoni, akaokota jiwe jeupe. Mara wakaja wapanda farasi wawili: Broichan kakabwa, gilasi imevunjika mkononi mwake akinywa. Columba akasema jiwe litiwe majini anywe, ila kwanza msichana aachiwe. Akaachiwa. Jiwe likaelea kama tunda, Broichan akanywa akapona. Jiwe likawekwa kwenye hazina ya mfalme na likaendelea kuponya watu. Msichana hatajwi jina, akakabidhiwa kwa watu wa Columba, hadithi ikaendelea na jiwe.

Cumal nayo iliendelea. Maskofu walihesabu kwayo. Kwenye kanuni za kanisa la Ireland zilizoandikwa kwa Kilatini kuna adhabu ya kumwaga damu ya askofu, ya mtawala mkuu, au ya mwandishi, wote watatu kwenye sentensi moja na bei moja. Damu ikifika chini na kidonda kikahitaji dawa, aliyeimwaga atundikwe, au alipe watumwa wa kike 7.